Njaa ya Vidonge

Kama umepewa vidonge vya kutuliza akili, na siku hizi unainuka mkekani baada ya kula huku macho yako yamebaki kwenye sahani ya mwenzako, maneno haya nimekuandikia wewe. Daktari atakueleza habari za usingizi, za kiu, za mikono kutetemeka. Habari za njaa huenda asizitaje, au azitaje nawe uone aibu kuitika. Mimi niliona aibu, na nyumba nzima ikailipia kwa chakula chake.

Ugonjwa wangu ni wa kupanda na kushuka. Nikipanda, dunia nzima ni yangu na kila mtu ni ndugu yangu. Nikishuka, hata kunawa uso ni safari. Nilipanda kwa mara ya kwanza Mwanza, msimu wa pamba, nilipokuwa naandika hadithi za mfululizo katika gazeti mojawapo la yale mapya yaliyoanza baada ya biashara kuachiwa huru. Tulikuwa kundi la vijana waandishi. Tulikutana nyuma ya duka la kupiga chapa, tukasomeana kurasa zetu na kugombana kwa mapenzi juu ya neno moja. Nilipoanza kuandika bila kulala, wenzangu walinisifu. "Minza ameshukiwa!" walisema. Nilipoanza kusimama sokoni na kuwasomea wauza nyanya sura za riwaya yangu, mguu huu nimevaa kiatu cheusi na huu chekundu, wakanyamaza, mmoja mmoja.

Kaka yangu Masunga alikuja kunitoa hospitalini, akanirudisha kwetu Lagangabilili. Nilikuwa na mfuko wa vidonge na mdomo mkavu kama gunzi.

Nyumbani alikuwepo Mama. Alikuwepo Holo, mke wa Masunga, ambaye ni wifi yangu. Na walikuwepo mapacha wao, Kulwa na Doto, wakiwa katika umri wa kung'oka meno. Hao ndio watu niliowakosea. Masunga naye, lakini yeye alikuwa na njia yake ya kubeba mambo: aliyafunga kwenye karia ya baiskeli na kuanza kukanyaga pedali.

Mwaka ule soko lilikuwa limefunguliwa. Wanunuzi wa pamba waligombania marobota ya watu kama mabwana wanaogombania mchumba. Baada ya pamba likaja lori kutafuta mahindi, likaingia mpaka uani. Hatukuwa tumezoea mnunuzi anayebembeleza. Masunga aliuza mahindi karibu yote, kama walivyouza majirani, akanunua bati za nyumba. Tulijua tutanunua mengine. Kisha mvua za vuli zikakataa. Mahindi yakarudi kijijini na lori lilelile, na bei yake haikuwa ya watu kama sisi. Tukabaki chini ya bati zinazong'aa, na mtama kidogo, na michembe.

Michembe ilikuwa kazi ya Mama. Alikata viazi vitamu vibichi vipande vyembamba, akavianika juani mpaka vikawa vikavu kama vigae, akajaza kihenge. Alipokuwa anaifunika alisema, "Hii ndiyo itakayotuvusha mpaka mtama mpya."

Katika nyumba hiyo ndipo nilipoleta njaa yangu.

Sijui kuieleza kwa mtu asiyeijua. Si tumbo linalouma. Ni kama kuna mtu mwingine ndani yako, mgeni asiye na adabu, anayenyoosha mkono kabla hujamruhusu. Nilimaliza sehemu yangu nikatazama ya Kulwa. Nilijitolea kuosha vyombo ili nikwangue ukoko. Nilipotumwa kihengeni nilitafuna mchembe mkavu njiani, mpaka fizi zikatoka damu. Mashavu yakajaa. Gauni la Mwanza likapasuka kwapani. Uso ukaungua juani ukawa mweusi kuliko shingo, kwa sababu vidonge havikupatana na jua. Siku zangu za mwezi zikapotea, na kisimani wanawake wakaanza kulitazama tumbo langu na kuulizana baba ni nani.

Mama alifurahi. Kwetu mgonjwa anayenenepa ni mgonjwa anayepona, hakuna kipimo kingine. Alinishika mkono kwa juu, akaubonyeza, akacheka. "Ng'wanone, mwanangu, damu imerudi." Kisha akasogeza sahani yake upande wangu. "Malizia hii. Mimi nilikula shambani."

Shambani kulikuwa hakuna kitu. Nilijua. Nilimalizia.

Kila mwezi Masunga alinipakia kwenye karia tukaenda Bariadi kliniki. Mwanzoni aliimba njiani. Miezi ilivyokwenda, mimi nikiongezeka naye akipungua, wimbo ukaisha, nikabaki kusikia pumzi yake na springi za kiti. Kwenye kilima aliniomba nishuke.

"Dada, baiskeli inaomba radhi," alisema.

Tulicheka. Nilitembea nyuma yake, nikiona mifupa ya mgongo wake kupitia shati lililolowa jasho, nikawaza: nyama ile ninayo mimi.

Kliniki tulikaa kwenye benchi moja na wajawazito na wenye vikohozi, lakini kila mtu alijua wanaosubiri mlango wa mwisho ni akina nani. Wamama walivuta watoto wao kidogo. Aliyenizoea ni fundi baiskeli mmoja wa Mkula, Maduhu, ambaye alikuwa amemeza vidonge hivi miaka mingi kabla yangu. Midomo yake ilicheza-cheza bila yeye kutaka, na hakujali.

"Wewe dada wa Lagangabilili," aliniambia siku moja, "unakula?"

"Nakula kama watu."

"Acha uongo. Mimi nilikula mbegu ya mahindi, debe zima. Mke wangu akaenda shamba kupanda, tukapanda maneno!"

Benchi zima likacheka, hata wajawazito. Nikacheka nao, kisha nikauliza kwa sauti ndogo, "Ulimwambia daktari?"

"Mke wangu ndiye aliyemwambia, tena kwa kelele, mpaka wa dirisha la dawa wakasikia. Nilitamani ardhi inifunike. Lakini kelele zile zilinisaidia. Mwambie daktari."

Niliingia nikiwa nimeshika sentensi yangu tayari. Daktari alikuwa kijana wa Tanga, mpole, aliyejifunza salamu zetu kwa bidii kwa sababu alitupenda. Alinyanyua uso akaniambia kwa Kisukuma chake cha pwani, "Mwangaluka, Minza. Mhola?"

Nikajibu, "Mhola duhu."

Salama tu. Kwetu salamu haijibiwi vingine. Hata aliyetoka kuzika asubuhi ataitika mhola kwanza, kisha ndipo ataeleza polepole, akishakaribishwa kukaa na kuulizwa habari za ng'ombe na za watoto. Yule kijana hakujua kwamba mhola yetu ni mlango, si nyumba. Aliandika kitu, akaniangalia mashavu, akasema, "Naona umenawiri," akanipa vidonge vya mwezi mwingine. Nje kulikuwa na foleni. Nilitoka na sentensi yangu mdomoni. Mwezi uliofuata ikawa hivyohivyo, na uliofuata tena. Sikumdanganya, nilikuwa naitikia salamu tu. Lakini kila salamu ilinirudisha nyumbani kula chakula cha mapacha.

Kisha ikaja kamati ya chakula. Ilisemekana kuna mahindi ya msaada, na wazee wa kamati walipita nyumba kwa nyumba kuona nani ana hali mbaya. Kwetu walinikuta uani nachambua nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa. Mzee mmoja alinitazama tangu visigino mpaka mashavu.

"Hapa pana njaa kweli?" aliuliza. "Huyu binti mnamlisha nini, pumba za kiwanda?"

"Ni dawa, baba," Holo alisema. "Dawa inamvimbisha."

"Dawa inayonenepesha! Basi tuletee na sisi, mwanangu, tupunguze safari za kutafuta mahindi."

Wakacheka wakaenda nyumba ya pili. Mahindi yalipokuja, kwetu hayakufika. Holo aliwapakulia watoto, akakaa mlangoni na kisosi kitupu mapajani. Ningependelea anipige.

Siku ileile niliacha vidonge. Hesabu yangu ilikuwa rahisi: vidonge vinaleta njaa, njaa inakula nyumba, basi vidonge viende chooni. Sikumwambia mtu. Niliona kuwa hatimaye nami nimetoa kitu.

Kwanza ilikuwa neema. Njaa ilitulia kama mbwa aliyeambiwa toka. Nilisogeza sahani yangu kwa Doto, nikamtazama anavyokula, nikajiona mtu. Mikono ikaacha kutetemeka. Na maneno, nisikufiche, maneno yakarudi. Kwa miezi mingi nilikuwa nikiandika kama mtu anayechota mchanga kwa uma. Sasa sentensi zilikuja zenyewe, zikiwa na jasho na mbio, na nilizipokea mlangoni moja moja kama wageni wa arusi. Kama wewe ni mtu wa kazi ya mikono au ya kichwa, hapa ndipo utakapojaribiwa. Utasema dawa ilikuwa ikiniibia, na hutakuwa umesema uongo. Lakini angalia usingizi. Wangu ulikuwa umeondoka siku nyingi nami nikauita bidii.

Mama aliona nimeacha kula. "Minza, mbona unarudisha chakula?"

"Nimeshiba, Mayu."

"Tangu lini?"

Nilimbusu kipaji cha uso. Nilikuwa na furaha iliyozidi kimo changu.

Siku hiyo manyunyu yalikuwa yamelowesha ardhi, na watu wazima wote watatu walikwenda shamba kupanda upya. Nilibaki na mapacha. Ilikuwa mchana mweupe. Nilitazama bati zetu zikiwaka juani, nikasikia watoto wanarudi kutoka shule kimya, kwa sababu mtoto mwenye njaa hapigi kelele njiani, na jambo likawa wazi kwangu kama maji ya kisima: njaa ni neno tu. Ni watu kukubaliana kuwa hakuna chakula. Mtu mmoja akikataa, inavunjika.

Nilifungua kihenge. Nikaazima masufuria kwa majirani, nikawasha mafiga matatu, nikamwaga michembe yote, nikamtuma Kulwa akaite watu. "Waambie leo Lagangabilili hakuna njaa!" Walikuja watoto, kisha mama zao, kisha wazee wakijifanya wanapita. Yule mzee wa kamati naye alikuja. Niliwanawisha mikono. Niliwahutubia nikiwa nimesimama juu ya kinu kilichofudikizwa. Walijua ninaumwa, macho yangu yalisema. Walikula. Siwalaumu, na wewe usiwalaumu. Njaa haina ustaarabu wa kuuliza mpishi kama ana akili timamu.

Mama ndiye aliyetangulia kurudi. Alisimama penye ua, jembe begani, akaona kihenge kiko wazi. Nilimkimbilia. "Mayu, tazama! Wanashiba!" Alinitazama machoni kwa muda mrefu, akaelewa yote. Kisha akaona wanawake watatu waliokuwa wamekwisha nawa, mikono bado inatiririka maji, hawajapakuliwa. Aliweka jembe chini. Alichukua upawa mkononi mwangu, akawapakulia.

Holo alimkuta hivyo.

"Mayu! Unawagawia?"

"Mtu akishanawa mikono kwangu, siwezi kumwambia ainuke."

"Na hawa wangu watanawa kwa nani?"

Mama aliendelea kupakua mpaka upawa ukagonga chini ya sufuria. Sauti ile, ya mti juu ya bati, naisikia nikiwa jikoni kwa watu, nikiwa hotelini, popote.

Sikumbuki sawasawa yaliyofuata. Nasikia niliimba njia nzima ya kwenda hospitali Bariadi, na kwamba Masunga na mwenzake walinibana katikati yao nyuma ya lori la pamba, na kwamba kaka yangu alilia huku ananishikilia. Nakumbuka sindano, na kulala, na kuamka nikiwa sina furaha hata ya ukubwa wa punje. Kitanda cha pili msichana mmoja alikuwa akihesabu vidole vyake. Nje ya dirisha muuza maji alikuwa akipita, na kila alipopita nilitaka kufa kwa aibu, ingawa hakunijua.

Nilipoweza kukaa, daktari wa Tanga alikuja. Mama alikuwa pembeni yangu; shingo yake ilikuwa imebaki mishipa.

"Mwangaluka," alisema kwa upole. "Mhola?"

Mdomo wangu ukafunguka wenyewe. "Mhola d—"

"Hakuna mhola," Mama alisema.

Daktari akageuka. Mama, ambaye sikuwahi kumsikia akikatiza salamu ya mtu maishani mwake, alikuwa amesimama.

"Daktari, sikiliza. Dawa yako inamnyamazisha mwanangu halafu inamnyima kushiba. Anakula, anakula, bado. Mimi nilidhani anapona. Nilimpa na changu. Akaona anatumaliza, akaacha dawa, akatumaliza kweli. Sasa niambie, nimpe dawa au nimpe chakula? Maana vyote viwili sina."

Kijana yule alivuta kiti, akakaa. Aliweka kalamu mfukoni. "Minza," aliniambia, "kwa nini hukuniambia?"

"Ulinisalimia," nilijibu.

Baadaye, akiwa anaondoka, daktari alisema, "Kuanzia leo sitaanza na mhola. Nitaanza na njaa." Akatimiza. Alinibadilishia kidonge kimoja. Hakikuondoa njaa, nisikupe matumaini ya uongo. Kiliishusha mpaka ikawa kitu ninachoweza kubishana nacho. Alinifundisha kunywa maji kwanza, kutangulia na mboga, kufunika uso juani. Akaniomba nimwahidi kwamba siku nitakayotaka kuacha, nije nigombane naye kwanza. Nimekwenda kugombana naye mara kadhaa. Hupenda kushinda, lakini husikiliza.

Niliporudi nyumbani, Holo na watoto hawakuwepo. Alikuwa amewapeleka kwa wazazi wake Lalago, ambako baba yake alikuwa bado na ng'ombe wa kukamua. Hakuna aliyesema kama atarudi. Masunga alikwenda mara moja akarudi peke yake.

"Anasemaje?" niliuliza.

"Anasema watoto wanakunywa maziwa."

Basi.

Tulikaa watatu tukila mlenda na mtama wa kuhesabiwa kwa jicho. Jirani mmoja, mjane, alileta ungo wa michembe, akauweka mlangoni akaondoka bila kubisha hodi. Wengine waliokula kwetu walipokutana nami kisimani waliangalia ndoo zao. Kila jioni Mama alinipa kidonge na chakula cha kukisindikiza pembeni, kwa sababu hakimezwi tumbo tupu. Alisimama mpaka nimeze. Kumeza ndio ulikuwa mtihani: kila kidonge nilijua ni tonge la mtu. Nilikula nikiomba radhi moyoni kwa kila mmoja, na Mama alinisikia, nadhani, kwa sababu siku moja alisema, "Tafuna. Majuto hayana vitamini."

Masika yalikuja. Mtama ukabeba. Tukafukuza ndege, tukavuna, na siku tuliposaga unga wa kwanza Masunga alienda Lalago na baiskeli akarudi anaisukuma: Kulwa kwenye fremu, Doto kwenye karia, Holo nyuma na mzigo kichwani.

Nilimpokea mzigo. Nilikuwa nimetunga maneno yangu kwa miezi; mimi ni mwandishi. "Wifi, nakuomba unisamehe kwa..."

"Usiniombe msamaha na tumbo tupu," alisema. "Utasema usichokijua. Ngoja tule."

Akaenda jikoni, akasonga ugali yeye mwenyewe. Tukakaa mkekani. Nilipoinama kukaa, Doto alizungusha mkono wake wa kushoto kuzunguka kibakuli chake, taratibu, bila kuniangalia, kama mtu anayekinga moto na upepo. Hakuna aliyemkemea. Sikutaka akemewe.

Holo alinipakulia sehemu yangu. Ilikuwa kubwa, sawa na ya Masunga aliyetoka kusukuma baiskeli kutwa. Nilikata nusu, nikataka kuirudisha kwenye sinia.

Alinishika kifundo cha mkono. Vidole vyake vilikuwa vigumu.

"Umekunywa dawa?"

"Bado. Nakunywa baada ya kula."

"Basi usipunguze. Ulipopunguza safari ile, ulisema unampunguzia nani?"

"Ninyi."

"Na ikawaje?"

Nilirudisha ile nusu kwenye sahani yangu.

"Sitaki mtu anihurumie kwenye chakula changu," Holo alisema. "Ukiwa na njaa, sema una njaa, nijue, nipange. Sikusamehe leo. Sijui kama nitakusamehe mwaka huu. Lakini utakula mbele yangu na utameza mbele yangu. Umesikia, wifi?"

"Nimesikia."

Nilikula. Nilikula mbele ya Mama, mbele ya kaka yangu, mbele ya mkono wa yule mtoto uliokuwa bado umezunguka kibakuli. Nilimaliza yote. Nikameza kidonge na maji. Na kwa kuwa nilikuwa na njaa bado, nilinyoosha sahani yangu kwa Holo, nikasema, "Naomba tena."